Jibu: Mazoezi ya paneli ya sola kabla ya semina ya fizikia

Mdogo wangu, umeuliza ujiandae vipi huko Malindi kwa semina ya fizikia tumizi ya chuo, nawe una paneli ya wati 10 na multimita (kifaa cha kupimia umeme) tu. Vinatosha kuanzia.

Ongeza rezista (vipande vinavyozuia mkondo wa umeme, kizuizi chake hupimwa kwa omu) za omu 10, 22, 33, 47 na 100, zote za wati 10. Zile ndogo za redio zitaungua. Saa sita mchana, anga ikiwa safi, ielekeze paneli kwenye jua, ngoja kama dakika 10 ishike moto, kisha pima volteji bila mzigo (paneli ikiwa haijaungwa na rezista yoyote), halafu volteji kwenye ncha za kila rezista. Mkondo utaupata kwa kugawanya volteji kwa omu. Zidisha viwili hivyo upate wati, kisha chora grafu ya wati kwa kila omu. Kilele kitaangukia karibu na omu 33, maana paneli za namna hiyo hutoa nguvu nyingi zikiwa kwenye volti 16 hadi 18.

Hapa ndipo wengi hukosea: wingu likipita katikati ya vipimo, mchoro wote huharibika, kwa hiyo maliza ndani ya dakika 5 na urudie kipimo cha kwanza mwishoni. Ukianza paneli ikiwa baridi, volteji itashuka kadiri inavyopata moto, takriban asilimia 0.3 kwa kila digrii. Na chumvi ya upepo wa bahari! Futa kioo kwa maji yasiyo na chumvi, kwangua kutu kwenye viungio.

Waya wa multimita usiuache kwenye tundu la ampea unapopima volteji. Hiyo ni shoti, na kwenye betri ni hatari.