Mtaro kwanza: majibu kuhusu vinamasi vya shambani

Maswali ya wiki hii yote yanahusu vinamasi vidogo vya vilimani, vile vilivyomo ndani ya mashamba ya watu.

Misungwi: Marehemu baba alichimba mtaro kwenye kinamasi juu ya shamba ili alime viazi. Sasa chemchemi ya chini inakauka kuanzia Julai. Nianze wapi?

Anza na mtaro, mwanangu: uzibe. Udongo wa kinamasi hushika mvua ya masika na kuiachia kidogo kidogo kiangazi chote. Mtaro unaimwaga yote ndani ya wiki chache. Udongo ule mweusi ukikauka hunywea, na moto ukiingia huungua chini kwa chini. Usingoje.

Kwanza kaonane na jirani wa juu, maana maji yatapanda hadi kwake. Kazi ifanyike Agosti au Septemba, kabla ya vuli. Tumia udongo wa mfinyanzi, mchanga unavuja. Weka vizibo kadhaa ukianzia juu kushuka chini, na maji ya kila kizibo yarudi nyuma hadi yaguse cha juu yake. Kila kimoja kipite upana wa mtaro kwa pande zote mbili, ukishindilie, na kiinuke kidogo kupita ardhi kwa sababu kitatitia. Halafu weka uzio, ng'ombe wasikanyage. Msukuma hahitaji semina kwa hili, ni ngitili ile ile ya wazee wetu, eneo la malisho linalofungwa ili lipumzike. Mbegu za nyasi nyingi za majimaji hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri. Masika mawili yakipita bila mafunjo kuonekana, omba vipande vya mizizi yake bonde la jirani.

Sengerema: Nipande miti gani inayokua haraka ili maji yarudi?

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Si mikaratusi! Mti huo watu wameupanda makusudi kukausha vinamasi. Kama unayo, ikate, na kila visiki vikichipua rudi ukate tena. Kinamasi cha nyasi hakidai mti wowote. Mche hupandwa na mgeni rasmi na kupigwa picha, lakini kinachorudisha maji ni mtaro uliozibwa, na kwa huo sijaona mgeni rasmi akiitwa.

Magu: Nikirudisha kinamasi si nitaleta malaria nyumbani?

Hofu yako naielewa, mama. Lakini baadhi ya mbu wanaoeneza sana malaria huku kwetu hupenda maji yaliyo wazi, yenye jua: kwato za ng'ombe, majaruba, mashimo ya matofali. Kabale, Uganda, watafiti walilinganisha vijiji vya kando ya vinamasi vya mafunjo na vile vya kando ya vinamasi vilivyolimwa. Kwenye vilivyolimwa kulikuwa na joto zaidi, na kwa wastani mbu hao walikuwa wengi zaidi. Chandarua lala nacho hata hivyo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kichocho: watoto wasiogelee kwenye maji yaliyotuama.

Ukerewe: Nina hati. Nani atanizuia kulima hadi ukingoni?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira zisifanywe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Hati haiifuti.

Buswelu: Wafyatua matofali wananipa bei nzuri kwa udongo wa kinamasi. Niuze?

Usiuze, nakusihi. Mtaro unaweza kuuziba kiangazi kimoja. Udongo ukishakuwa ukuta wa nyumba ya mtu, utarudisha nini? Na tope la shimo hilo litateremka hadi Ziwa Viktoria na rutuba yake, chakula cha magugu maji tunayopambana nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Msomaji huyo huyo: Basi nichimbe bwawa la sato humo kinamasini?

Lichimbe pembeni, kwenye ardhi kavu ya chini, lilishwe na maji yanayofurika yenyewe. Kabla ya jembe la kwanza, nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria ukaombe kibali cha kutumia maji.