Chekechea ya kutwa Colorado: nani analipia mchana?

SWALI: Mwanangu ametimiza miaka 5 Juni na nimemwandikisha chekechea katika shule ya umma hapa Aurora. Niliambiwa ni bure kutwa nzima, sasa nimeletewa bili ya kila mwezi. Jirani anasema ni karo ya vipindi vya mchana. Nilipe?
Mama wa Aurora

JIBU: Usilipe kwanza, mama; omba mchanganuo wa bili. Vipindi vya mchana havina karo. Hadi 2019, katika kuzigawia shule fedha, jimbo lilimhesabu mtoto wa chekechea kuwa 0.58 ya mwanafunzi, yaani nusu siku na kijinyongeza, na baadhi ya wilaya zikawabebesha wazazi kilichobaki. Sheria ya HB19-1262, iliyotiwa saini na Gavana Jared Polis mwaka huo, ilifanya shule ilipwe kwa kila mtoto kama mwanafunzi kamili, na karo ikakoma.

Kinachowachanganya wengi ni malezi ya nje ya vipindi. Ukimwacha mtoto saa 12:30 asubuhi kwa sababu ya zamu, au ukimchukua saa 12 jioni, hiyo ni huduma nyingine na hutozwa kihalali. Ada za vifaa nazo zinaruhusiwa, mradi watoto wa madarasa mengine wanazilipa vilevile. Ukikuta karo imeandikwa, mpelekee katibu wa shule barua, kisha ofisi ya wilaya, na udai mkalimani: ni haki yako, bila malipo. Usimtumie mtoto mkubwa kutafsiri mambo ya pesa.

SWALI: Shule imenipigia ikinisihi nisisafiri na mtoto mwanzoni mwa Oktoba. Kuna nini?
Baba wa Greeley

JIBU: Oktoba 1 ni siku ya kuhesabu wanafunzi, ikiangukia wikiendi husogezwa. Fedha za jimbo hufuata hesabu hiyo. Mtoto asipokuwapo, shule lazima ioneshe kwamba alihudhuria kabla na kwamba alirudi ndani ya siku 30. Kwa hiyo akiugua piga simu mapema, na safari iahirishe ukiweza.

Tarehe hiyohiyo huamua umri wa kuanza chekechea. Anayetimiza miaka 5 baada yake kwa kawaida husubiri mwaka mmoja katika programu ya awali ya jimbo, iliyoanza 2023. Huko wengi hulipiwa hadi saa 15 tu kwa wiki, na bili ya saa zinazozidi ni yako kweli.