Kabla ya kulipia tairi, soma tarakimu nne

Wateja wengi wa tairi hapa Dar es Salaam wakifika, kitu cha kwanza ni kuingiza kidole kwenye kashata, yaani yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara. Kashata ikiwa ndefu, wanaanza kupatana bei. Mimi kazi yangu ni tairi, na nawaambia kila siku kwamba hapo umepima nusu tu. Tairi huisha kwa kutembea, lakini kuzeeka huzeeka hata ikiwa imelala stoo na plastiki yake ya kiwandani.

Umri umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, fuata mstari wake hadi mwisho, utakuta tarakimu nne. 3518 maana yake ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Ukikuta tatu tu, hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, mwachie mwenyewe. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja, na tairi ikishafungwa kwenye gari upande huo unaweza kuwa umegeukia ndani. Usione haya kuingia uvunguni na tochi ya simu, hasa kwa gari la mtumba lililoshuka bandarini, maana gari linaweza kuwa limetunzwa vizuri huku tairi zake zikiwa na miaka kumi.

Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli ambayo kiwandani hupikwa na salfa ili ishikane. Oksijeni ya hewani hupenya humo polepole, ikakata mishikano mingine na kuongeza mingine pasipotakiwa, na mpira unakakamaa. Joto huharakisha kazi hiyo. Kisha kuna ozoni, ambayo hata ikiwa kidogo hewani huupasua mpira uliovutika. Nyufa za ubavuni nyingi ni zake. Mota za umeme na mashine za kuchomelea hutoa ozoni pia, kwa hiyo spea tairi haikai vizuri kwenye karakana ya mchomeleaji.

Viwanda vinalijua hilo, ndiyo sababu mpira huchanganywa na nta na dawa ya kuzuia ozoni. Tairi inapojikunja barabarani, nta hupanda juu na kuufunika mpira. Gari lililoegeshwa halipati hiyo nafuu. Ninaowaogopea zaidi si madereva wa teksi, wale tairi zao huwa vipara kabla hazijazeeka. Ni yule bwana ambaye gari lake hulala uani mwaka mzima, likatolewa Desemba kwenda Moshi, watu watano ndani na buti imejaa. Kashata nzima, ubavu umekakamaa, lami ya moto, mwendo mkali. Ukimwambia abadilishe anaona unatafuta biashara!

Mimi huangalia chini kabisa ya mifereji ya kashata na pale ubavu unapokutana na rimu. Nyufa nyembamba kama nywele zikianza kuungana, hakuna mjadala. Bonyeza pia kwa ukucha: mpira mzima hukubali kidogo, uliozeeka hukataa. Ile rangi ya kahawia ubavuni isikutie hofu, mara nyingi ni ile dawa imepanda juu. Maji na sabuni yanatosha. Wanaokupakia dizeli ili tairi ing'ae wanauharibu mpira.

Watengenezaji wengi wanashauri tairi ikaguliwe kila mwaka ikishafika miaka mitano, na ikifika kumi itolewe hata kama inaonekana nzima, spea ikiwemo. Kwa joto letu la pwani, mimi sivuki saba.

Kwenye viatu mambo ni mengine kabisa. Soli nyepesi za poliyurethani adui yake mkubwa ni unyevu, na huku pwani unyevu hauishi. Mvuke wa maji hukata minyororo yake taratibu ndani ya boksi, siku ya harusi unavaa, hatua chache soli inameguka makombo yanayonata. Gundi haisaidii, kwa sababu kilichokufa ni soli yenyewe. Katambuga za tairi kuukuu hazina ugonjwa huo, ingawa sikushauri uende nazo harusini.

Bomba nyeupe za PVC juu ya paa nazo hupigwa na jua zikawa kavu, ukizigonga zinavunjika. Zipake rangi nyeupe ya maji. Ya mafuta ina vimumunyisho vinavyoweza kuila PVC. Na mpira wa gesi jikoni, kwa kuwa mwingi umechapwa mwaka, usome. Ukunje karibu na regyuleta: ukiona nyufa, funga mtungi, badilisha. Viungio upime kwa povu la sabuni, kiberiti kiweke mbali.