Mbuzi wa kukuna nazi: ninavyofumbua fumbo la maneno

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusubiri. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, na karatasi za lori zinaweza kukaa saa nzima nzima kabla hazijatoka. Saa hizo ndizo zilizonifunza fumbo la maneno, ule mchezo wa kujaza majibu ya vidokezo kwenye visanduku, kila herufi na kisanduku chake. Nilianza na magazeti makuukuu ambayo muuza chapati alifungia chapati zake. Mafuta yakishalowesha karatasi, herufi za upande wa pili hujitokeza katikati ya visanduku, na unajaza huku unapambanua wino upi ni wa wapi.

Siku hizi nina daftari, penseli na kifutio. Shika penseli, nakusihi. Nimewaona wengi wanaojaza kwa kalamu ya wino wakilitetea kosa lao mpaka fumbo zima linakwama.

Vidokezo vya maarifa ya jumla ndivyo vya kuanza navyo, ila kabla hujaandika, hesabu visanduku. Niliulizwa mji mkuu wa Burundi, nikaandika BUJUMBURA bila kufikiri, na visanduku vilikuwa sita. GITEGA! Umekuwa mji mkuu tangu 2019. Kwa hiyo tazama pia tarehe ya gazeti, maana fumbo la miaka kumi iliyopita lina dunia yake. Kwenye magazeti ya Kiingereza utakutana mara kwa mara na OSLO, na EMU yule ndege wa Australia asiyeruka, na ziwa ERIE, kwa sababu mtungaji anahitaji maneno mafupi yaliyojaa irabu. Yaandike nyuma ya daftari, yatarudi.

Kiswahili nacho kina msaada wake. Neno letu huishia kwa irabu, basi kisanduku cha mwisho tayari unakijua nusu. Kidokezo kikiwa cha wingi, jaribu WA, MI, VI au MA mwanzoni, kwa mkono mwepesi. Kikisema kitu kimetendwa, mwisho wake huenda ni WA.

Sasa vidokezo vya kufumba, ambavyo ndivyo ninavyovipenda hasa. Fumbo la Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, linalohesabiwa kuwa fumbo la maneno la kwanza, lililotoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, lilieleza maana waziwazi. Waingereza ndio waliokuja kulisokota. Kidokezo cha namna hii kina vipande viwili: kimoja, mwanzoni au mwishoni, ni maana ya kawaida ya jibu, na kingine ni njia ya kulijenga. Kwa mfano: "Samaki aliyevurugwa hutoka puani (6)"; namba ya kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Ukianza kumwona samaki, umepotea. "Hutoka puani" ndiyo maana, na "aliyevurugwa" inakuagiza upange upya herufi za SAMAKI. Unapata KAMASI. Maneno kama kuvurugika, kulewa, kuchanganyikiwa, yakupe shaka kila unapoyaona.

Mara nyingine jibu limelala palepale mbele yako: "Mama ziwani ameficha kinywaji (6)". Soma herufi bila kujali nafasi kati ya maneno, utayaona MAZIWA.

Lakini kilichonishinda kabisa kilikuwa hiki, nilichotungiwa na rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili kule Tororo: "Hukuna nazi na kula majani (5)". Nilikuwa na M mwanzoni na I mwishoni. MPISHI alikataa kuingia, ana herufi sita, na tena mpishi gani anakula majani? Nilikaa nacho asubuhi nzima. Kwenye benchi palikuwa na mzee mmoja dereva, mtu wa Mombasa, akingoja karatasi zake. Nikamsomea.

"Mwanangu, kwani huku hamna mbuzi?"

"Tunao, mzee, tena wengi. Lakini hawakuni nazi."

Aliinuka, akanionyesha kwa mikono: kigoda cha kukunja, chuma chenye meno kimetokeza mbele, mtu amekikalia, kifuu cha nazi kinazungushwa, nazi iliyokunwa inadondokea kwenye sinia. Hiyo nayo ni mbuzi. Mimi nimezungumza Kiswahili tangu utotoni, lakini ni Kiswahili cha sokoni na cha mpakani, na huku kwetu hatukuni nazi. Kisha akanipa PAA: mnyama wa porini, sehemu ya juu ya nyumba, tena kumtoa samaki magamba. Hilo la magamba sikuwahi kulisikia.

Tangu siku ile sifumbui peke yangu. Nikikwama, namsomea aliye jirani, na namuuliza neno hilo kwao lina maana ngapi. Vidokezo vya maana mbili ndivyo utamu wa lugha yetu. Kiingereza hucheza na maneno yanayosikika sawa na kuandikwa tofauti. Sisi tunaandika kama tunavyotamka, basi mchezo wetu uko kwenye maana, na wakati mwingine kwenye mkazo tu: "Sawasawa kabisa njiani (8)" ni BARABARA, ukiitamka kwa namna zote mbili.

Rafiki yangu wa Tororo ameniletea mapya wiki hii. "Mali imevurugika, shika jembe (4)" nilikipata upesi, ni LIMA. Cha pili kina herufi zilezile nne, nakuachia wewe: "Mali imevurugika, mwalimu anaisoma nasi tunaandika (4)".