Kwa wageni wa manispaa: gambuti hununuliwa msimu wa bajeti

Wadogo zangu mnaoripoti kwenye halmashauri za manispaa, wengine mkiwa maafisa afya, wengine maafisa utumishi, wengine madereva na wahudumu wa usafi, haya ninayaandika kutokana na kazi ya afya na usafi wa mazingira, Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2005, watachukua yanayowafaa.

Mtu akiingia manispaa hudhani hatari za kazini ni za mgodini na viwandani. Huku kuna feni, mafaili na chai ya saa nne. Sasa jaribu kuhesabu ni akina nani wanaoishi kwa fedha ya halmashauri: anayefagia barabara alfajiri magari yakimpita ubavuni, anayepakia taka kwenye ghuba, anayezibua mtaro, mkaguzi wa nyama machinjioni, muuguzi wa zahanati ya kata, fundi wa taa za barabarani, mgambo. Sijui kiwanda chenye hatari za aina nyingi namna hiyo chini ya mwajiri mmoja.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, haikuwaacha hawa nje. Inasimamiwa na OSHA, wakala ulioanzishwa mwaka 2001. Mwajiri anatakiwa asajili mahali pa kazi, atambue hatari zilizopo, atoe vifaa kinga bila kumkata mtu, afundishe, apime afya za watu wake, na ateue kwa maandishi wawakilishi wa usalama na afya. Mfanyakazi naye anatakiwa avae alichopewa, asiharibu, na aseme anapoona hatari. Hayo mtasomewa kwenye semina. Kinachonishughulisha mimi ni yanavyokwama.

Yanakwama kwa sababu kwenye sheria mwajiri ni mmoja, lakini kwenye manispaa amegawanyika vipande. Mkurugenzi anasaini, mkuu wa idara anaomba, watu wa ugavi wananunua, mweka hazina anasema fedha haijaingia. Hakuna aliyekataa, na mama anayefagia bado amevaa kandambili. Ukienda kumuuliza yeyote kati ya hao atakuonyesha dokezo lake, na kweli aliandika. Kwa hiyo jifunze kalenda kabla ya kujifunza sheria. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na bajeti hupikwa miezi mingi kabla ya hapo. Ukija Septemba na ombi la gambuti ambazo hazimo kwenye bajeti, utajibiwa kwa adabu kabisa kwamba usubiri, na utasubiri.

Unapoandika bajeti hiyo usiandike "vifaa kinga" halafu ukaweka jumla moja. Mstari wa namna hiyo ndio wa kwanza kukatwa, maana hakuna anayejua umebeba nini. Andika jozi ngapi, za nani, saizi gani, zitabadilishwa baada ya muda gani. Saizi hasa. Wafagiaji wengi ni wanawake, na nimeona mzigo mzima wa gambuti ukiingia stoo zote namba 9 na 10. Wanawake wakazipokea, wakasaini, wakajaza vitambaa kwenye ncha ya kiatu ili mguu usichezecheze, na baada ya wiki mbili gambuti zikabaki nyumbani. Mkaguzi akija, daftari la stoo linaonyesha kila mtu alipewa. Msimamizi naye anasema "hawa mama wakaidi, wanapewa hawavai." Kabla ya kumwita mtu mkaidi, mwombe avae kile kiatu mbele yako na atembee nacho hatua ishirini.

Glavu nazo zina kisa chake. Zile nyembamba za zahanati zinafaa zahanati. Mpakia taka anahitaji nene za mpira au za ngozi zinazopanda hadi karibu na kiwiko, kwa sababu mfuko wa taka hubebwa kwa kukumbatiwa na kinachotoboa hukutana na mkono juu ya kifundo. Kwenye ghuba utakuta chupa iliyovunjika, vijiti vya mishikaki, na sindano iliyotupwa ndani ya mfuko wa nepi za mtoto. Huyo aliyeitupa anajidunga insulini nyumbani kwake na hakuna aliyemwambia sindano ziende wapi. Kazi ya kumwambia ni ya idara yako, bwana afya.

Mtu akichomwa na sindano ya namna hiyo, aoshe kwa sabuni na maji mengi, asikamue, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya ajali zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Zinamezwa kwa siku 28. Msimamizi wa zamu ya usiku ajue ni kituo gani kinazitoa usiku ule. Swali hilo halifai kuanza kuulizwa saa tisa ya usiku mtu akiwa ameshika kidole. Chanjo ya homa ya ini B nayo ipo. Idai kwa wapakia taka kama inavyodaiwa kwa wauguzi.

Kwa wanaozibua mitaro: mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu waliugua na wengine wakafa kwa ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana ni nini. Ikabainika ni leptospairosisi, tuliyoizoea baadaye kwa jina la homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia kupitia mikwaruzo ya ngozi na majimaji machafu. Mtaro wa mjini una vyote hivyo. Ukipata homa baada ya kazi ya mtaro usimwambie daktari "naumwa homa" tu, atakupima malaria akurudishe nyumbani. Mwambie unafanya kazi gani.

Hapa kwenye chemba ndipo ninapokuwa mkali. Shimo la maji taka lina gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Watu hudhani harufu ikipotea hatari imekwisha. Kumbe ikizidi kiasi gesi hiyo huua uwezo wa pua kunusa, ukaona hewa imekuwa safi ilhali una dakika chache za uhai. Halafu kinakuja kifo cha pili. Mmoja anaanguka, mwenzake anaruka kumwokoa, naye analala. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye maeneo finyu ya aina hiyo walikuwa wameingia kuokoa. Kitambaa cha kufunga puani na kumwaga maji ndani "ili gesi itoke" havimkingi mtu. Kama hakuna kipima gesi, kamba na mkanda wa mwilini, na mtu anayebaki juu bila kuingia kwa hali yoyote, basi haingii mtu. Liitwe gari la kunyonya. Mtu akishaanguka humo, piga 114, Zimamoto.

Kijana unayeambiwa "ingia haraka, mheshimiwa diwani anakuja kukagua," kataa kwa heshima na kwa sauti wenzako waisikie: "Bosi, kazi naifanya, lakini humu siingii bila kipimo." Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejitoa kwenye hatari kubwa iliyo mbele yake. Siku hiyo hiyo mweleze mwakilishi wa usalama, na kama tawi lenu la TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, liko hai, nao wajue. Ukibaki kunung'unika kijiweni, kesho itasemwa ulitoroka kazi.

Ajali ikitokea, ugonjwa wetu mkubwa ni huruma ya mfukoni. Msimamizi anatoa elfu kumi, "pole ndugu yangu, nenda katibiwe," na majeruhi anashukuru kwelikweli. Hakuna kilichoandikwa. Mwaka wa pili kidole hakikunjiki, msimamizi amehamishiwa mkoa mwingine, na hakuna karatasi hata moja inayosema siku ile ilikuwepo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uko kwa sheria ya mwaka 2008 na unahudumia sekta ya umma na binafsi. Mchango analipa mwajiri; kwenye mshahara wako hakikatwi kitu. Mwajiri ana siku 7 za kuutaarifu Mfuko tangu apate taarifa ya ajali, na dai lisipopelekwa ndani ya miezi 12 haki inaweza kupotea. Saa, mahali, kilichofanyika, aliyeona: andika siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni la kufunga plasta. Elfu kumi itoe, ni utu, lakini daftari litangulie.

Sasa walio wengi na wasioonekana: vibarua na watu wa makandarasi wa taka. Wanafanya kazi ya manispaa, kwenye barabara ya manispaa, na wakigongwa kila mtu anasema "si wetu." Nafasi yako ya kuwasaidia ni kabla mkataba haujasainiwa. Taka uthibitisho wa usajili wa OSHA na WCF, taka orodha ya vifaa kinga na ratiba ya kuvibadilisha viwe sehemu ya mkataba, na weka haki ya kuzuia malipo visipoonekana barabarani. Vikundi vya kina mama vinavyopewa mitaa ya kufagia visiachwe kwa kisingizio kwamba ni vidogo. Wasaidieni kujisajili, maana fomu zile huwachosha hata wasomi.

Jambo la mwisho ni dogo, watu hulipuuza. Unapoanza kazi unatakiwa kupimwa afya, ukiwa kazini upimwe tena kwa vipindi, na unapoondoka vilevile. Kipimo cha kuanza ndicho kitakachoonyesha baadaye kwamba kifua, masikio na mgongo uliingia navyo vizima. Omba nakala, ipige picha, moja iache nyumbani. Faili la utumishi linajua kupotea, hasa wakati wa kuhama.