Kabla hujainua msingi, jua kwanza maji yanakuingilia kutoka wapi

Mkuu uliyeuliza kama uinue msingi wa nyumba yako Kigogo, Dar es Salaam, au uhame, baada ya maji kukuingilia masika mbili mfululizo: nimeishi miaka mingi kando ya Mto Ng'ombe, Tandale, na nimekuwa kwenye kamati ya maafa ya mtaa. Usinunue tofali hata moja kwanza.

Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, Kisarawe, na kumwaga baharini pale Daraja la Salenda. Huko juu ikinyesha usiku kucha, Kigogo mnaweza kuamka na jua na mto ukawa unapanda. Yakikutana na bamvua, yaani bahari ikijaa sana, maji ya mto yanakosa pa kutokea yanarudi kwenu. Kwa hiyo usiangalie wingu la juu ya bati lako tu. Fuatilia taarifa za TMA, mamlaka ya hali ya hewa, na uwe na mtu huko Pugu au Gongo la Mboto wa kumpigia simu.

Sasa chunguza. Kama maji yanaanza kwa kufurika chooni au kupandia kwenye mtaro wa uchochoroni, hapo kuna cha kufanya. Kama ni mto wenyewe umetoka kwenye kingo zake, msingi mrefu utakupa muda wa kutoa watoto na magodoro, basi.

Halafu kifusi. Mtaani kwetu mmoja alijaza kiwanja chake, jirani naye akajaza, mwisho maji yote yakahamia kwa wapangaji wa nyumba za chini, wakawa wanalaza watoto juu ya meza. Inaniuma mpaka leo. Ukiinua peke yako bila mtaro, unamhamishia mwenzako mafuriko.

Kilichotusaidia zaidi ni kuzibua kalavati la pale kona. Ndani tulitoa mchanga, pampasi, chupa, hata godoro zima. Watu wengi wakishazibua wanaliacha tope ukingoni mwa mtaro, na mvua ya kwanza inalirudisha lote. Sisi tulikubaliana hakuna kushika koleo kabla guta la kubebea halijafika. Fanyeni hivyo Februari, masika haijaingia. Na wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha wakemewe hadharani, maana kipindupindu hakichagui nyumba.

Kuhusu kuhama, hilo nalisema kwa uzito. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa jijini, na familia nyingi za bondeni zikapewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya mji. Wapo waliorudi, kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini na nauli ya kila siku iliwashinda. Ukihama, fikiria kibarua kabla ya kiwanja.

Ila kabla ya yote nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize kama nyumba yako imo kwenye eneo la Mradi wa Bonde la Msimbazi, ule wenye daraja jipya la Jangwani, maana kuna nyumba zinazolipwa fidia zipishe. Uliza pia umbali wako na mto: Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Ukiwa ndani ya hizo, pesa ya msingi itunze iwe ya kuanzia maisha kwingine.

Wakati unafuatilia, mwite fundi apandishe soketi zote juu ya alama ya maji iliyobaki ukutani, na kila mtu nyumbani ajue swichi kuu ilipo. Maji yakigusa kizingiti, umeme uzimwe kwanza, vyombo baadaye.