Ndege wa Asali, Nyegere na Maneno ya Babu

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu babu alikuwa mrina asali. Alitwambia ndege wa asali humwongoza nyegere kwenye nyuki, na kwamba mtu akimnyima ndege fungu lake, siku nyingine atapelekwa kwa simba. Mwalimu wa wanangu anasema hizo ni hadithi tu. Nimwamini nani?
Msomaji, Sikonge, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza tumtoe nyegere. Mwaka 2023 watafiti walichapisha majibu ya warina asali karibu 400 wa nchi tisa za Afrika. Wengi hawakuamini kwamba wawili hao hushirikiana, lakini Wahadzabe wengi wa hapa kwetu walisema wanashirikiana. Mimi nyegere namjua kwa mizinga aliyonibomolea. Akiwa na ndege huyo sijamwona. Hata hivyo Wahadzabe wanaishi porini, siwezi kuwaita waongo.

Kuhusu ndege kumwongoza mtu kwenye nyuki, babu yako alisema kweli tupu. Nilipokuwa bwana nyuki nimemfuata mara nyingi katika miombo ya huko kwenu. Ni mdogo, rangi ya udongo, mkia una weupe pembeni. Anatua kwenye mti wa mtundu na kulia kama kiberiti kinachotikiswa. Ukimjibu, anaruka mbele na kukungoja, ukichelewa anakurudia. Akitulia mti mmoja, simama utege sikio: nyuki hawako mbali, pengine wamo kwenye mvungu uliokwisha kuupita.

Anachotafuta ni nta na majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya sega. Kiota anakijua, ila hawezi kupasua mti, na nyuki wanaweza kumuua. Wewe una shoka, na kienge cha kuwafukizia nyuki moshi. Tumbo lake linasaga nta, jambo ambalo wanyama wachache wanaliweza. Na mlio wa kumwita una maana kwake: huko Msumbiji, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Wayao wakitoa mlio wao wa jadi, nafasi ya kufikishwa kwenye nyuki inapanda kutoka asilimia 16 hadi 54.

Habari ya simba mimi siioni kuwa kisasi. Ndege anapita juu, wewe unapita majanini. Ukikutana na mnyama, njia ndiyo iliyokukutanisha naye.

Lakini fungu lake mpe, mwanangu. Usilifukie wala kulichoma. Mimi huweka kipande cha sega lenye majana juu ya jani, mbali na moshi. Nafunika ndoo, napiga hatua kama ishirini, nikigeuka namkuta ameshatua.